Andika, Filomena

Kaa hapa barazani, Filomena, na lile daftari.
Majibu ya Mnazi Mmoja umeyaficha mkobani,
nami nimeyasoma usoni pako.
Usiniambie, "Yaache hayo, mama."
Kuitaja mvua si kuileta.

Andika: Haji Vuai ananidai elfu saba, za sukari.
Cherehani ni ya Benadeta,
ijapokuwa mguu wake mzito, atakata nyuzi.
Nivisheni gauni jeupe la Pasaka,
si la zambarau; lile linanibana hata nikiwa hai.
Mbona huandiki?

Bi Raya wa nyumba ya pili ataleta uji.
Mpokee kwa mikono miwili.
Tumezikiana wazee wetu miaka arubaini,
kila mmoja kwa dua yake,
mwenzake kasimama kando, kanga mdomoni.

Hofu? Ninayo, mwanangu.
Usiku hunikalia kifuani kama paka wa jirani,
nikimfukuza anarudi.
Hata Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro,
naye alikwishajua atamwita atoke.
Basi lia. Lakini lia huku unasema,
usinililie jikoni ukasingizia moshi.

Padri asirefushe mahubiri, jua la Mbweni kali.
Nilazeni ubavuni mwa baba yako,
miguu mashariki,
nikiitwa niinuke nikitazama kunakokucha.

Umemaliza?
Funga daftari.
Kesho? Hapana, duka bado liwazi.
Chukua hela chini ya mto,
kamlipe Haji zake elfu saba,
na urudi na sukari.