Upande wa Kushoto

Spika ya kushoto inakwaruza
kila besi inaposhuka,
kama mchanga kwenye meno.

Nimezima. Nimebadilisha nyaya,
ya kulia kushoto, ya kushoto kulia:
kushoto bado.
Nimehamisha masanduku yenyewe,
nimesugua plagi kwa spiriti;
vumbi jekundu la Katuba
limetoka na pamba.
Kushoto bado.

Chisenga, mjukuu, ameinamisha kichwa:
«Mimi nasikia safi, Nkambo.»

Umeme ukakatika. Ukarudi saa nne usiku.
Nikageuza kiti, nikaipa mashine kisogo.
Mkwaruzo ukahamia spika ya kulia.

Nikakaa.

Miaka ishirini na miwili ya kekee
chini ya ardhi, tukitafuta mukuba.
Bega hili. Sikio hili.

«Tumwite fundi, Nkambo?»

Mashine ni nzima.
Ongeza kidogo.