Kipimo cha Siwema

Leokadia alikuja Keko na karatasi zake kwapani,
akazitandaza juu ya benchi, akapuliza vumbi la msasa.
Sofa mbili, na kiti kimoja cha kujinyoosha,
mistari myembamba kama nyusi za wanja.
"Fundi, nataka mtu akikaa asahau kuinuka."
Nikamuuliza: mtu gani?
Akanyamaza. Huyo hakumchora.

Mninga tulikuwa nao, umekauka miezi minane.
Sponji ngumu chini, laini juu,
mikanda ya mpira tukaisuka
kama kamba za kitanda cha teremka tukaze.
Kiti cha kwanza kikasimama. Kilipendeza.
Nikakikalia mimi: mgongo ukakataa.
Akakikalia Mbwana wa msasa: miguu ikaning'inia.
Akakikalia mwenyewe Leokadia, akatabasamu
tabasamu la mtu anayevumilia kiatu kipya.

Asubuhi ya Alhamisi akapita Siwema,
nesi wa zamu ya usiku, anatoka Temeke,
soli za viatu zimelala upande mmoja,
mkononi mfuko wa nyanya na dagaa.
"Dada, kaa dakika tano utuambie."
"Nitawachafulia."
"Kaa."

Akakaa.
Hakutuambia kitu.
Kidevu kikashuka, mfuko ukamtoka vidoleni,
nyanya moja ikabingirika mpaka kwenye maranda.

Ikapita saa moja, ya pili, ya tatu,
hakuna aliyegonga msumari.
Tukamtuma kijana kwa jirani:
mwambie azime mashine, kuna mgonjwa.
Leokadia akapiga magoti na utepe wake,
akapima bila kugusa:
hapa nyonga imezama vidole vitatu,
hapa shingo inatafuta mkono wa kuibeba,
na hapa, nyuma ya kiuno,
hapana kitu. Hewa tupu, upana wa kiganja.
"Ndipo tulipokosea," akanong'ona,
akafuta mistari mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa viko Masaki, nyuma ya kioo,
vinamulikwa taa ya manjano utadhani bibi harusi.
Bei siitaji, ulimi utajikwaa.
Watu huketi, hufumba macho, husema:
"Kama vile kinanijua."
Kinamjua Siwema. Wewe umeazima.

Kile cha kwanza, tulichokitengeneza upya kwa kiuno chake,
nilimwambia Leokadia kina ufa, mbao ya mbele.
Akainama, akaitazama mbao nzima,
mninga safi, hauna hata doa,
akaandika kwenye daftari: *ufa*.
Jioni hiyo kikaenda Mtoni Kijichi kwa guta.

Jumapili nikapita kumwona.
Kiti kipo sebuleni, nailoni haijatolewa,
juu yake kitambaa cheupe cha kufuma.
"Cha wageni hicho, fundi. Karibu, keti."
Yeye yuko chini, mkekani, anachambua mchele,
miguu ameinyoosha, viatu viko mlangoni.

Nikaketi. Nailoni ikalia.
Akacheka bila kugeuka,
mgongo ameuegemeza kwenye mbao ya mbele,
ile yenye ufa.