Baiti Moja

Gereji ina nyuzi joto mbili, na hizo ni za kuazima
kwa hita inayonuka vumbi lililoungua.
Nje, giza limeingia Överkalix tangu saa nane mchana.
Nimefungua kasha la kompyuta ya injini,
skrubu nne, ya tano imeota kutu,
na katikati ya ubao wa kijani
chipu imekaa kama mende wa miguu ishirini na minane;
mgongoni ana kidirisha cha kioo
kilichozibwa kwa kibandiko.

Kibandiko si cha kiwandani.
Ni cha mitungi ya jemu ya mama,
na juu yake, kwa penseli: 3/98.
Tatu yenye kichwa bapa. Mwandiko naujua.

Machi tisini na nane nilikuwa na leseni ya siku sita.

Nikaisoma chipu mara mbili, nikalinganisha,
maana usomaji wa kwanza husema uongo kama miguu haikukaza.
Baiti elfu sitini na tano na ushee
zikamiminika kwenye skrini.
Asiyejua angeona vurugu. Ukikaa nazo, vilima hujitokeza:
hapa ramani ya mafuta,
hapa cheche itangulie kiasi gani,
pale mlango wa injini baridi, na huku kwetu
injini baridi si jambo dogo.
Nikaweka kando faili ya kiwandani.
Zilitofautiana mahali pawili tu.
Pamoja ni ile jumla ya mwisho
ambayo isipolingana gari hukataa kuamka.
Pengine, baiti moja.
Kiwandani: A0. Yetu: 6E.

Zidisha kwa arobaini.
Mizunguko elfu sita na mia nne.
Mizunguko elfu nne na mia nne.

Kumbe.
Ndiyo maana kila Ijumaa Stellan alinipita
kwenye barabara nyoofu ya Lansjärv, honi, taa, kicheko,
nami nimekanyaga hadi sakafuni,
injini ikikata, ikikata,
kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma.
Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha pampu ya mafuta
kwa mshahara wa kiangazi kizima cha kupakia mbao.
Baba alinishikia tochi.
Alinishikia tochi, jamani, akasema, "Labda ni chujio."

Nikampigia.
"Evald hapa," kama hajui ni mimi.
"Baba. Sita E."
Kimya. Kikombe kikawekwa mezani.
"Dakika ishirini," akasema, "chini ya taa ya urujuani
pale kazini, kwenye mitambo ya maji. Ile ya kuulia vijidudu.
Inafuta kila kitu. Jumla niliipiga kwa mkono,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Mara ya kwanza nilikosea,
gari likagoma, mama yako akaenda kazini kwa skii."
Akacheka mpaka akakohoa. Hakuomba radhi.
Nami sikumtajia Stellan,
anayetembea kwa fimbo tangu Agosti ya mwaka ule.

Mtoto akililia wembe, mpe.
Alinipa. Ila usiku, kwanza,
aliusugua ukingo kwa jiwe,
akaniacha nikijiona nanyoa.

Nimenunua chipu mpya, isiyofutika kwa mwanga.
Nikaandika A0. Nikaenda hadi Lansjärv peke yangu,
nikakanyaga. Elfu nne. Elfu tano. Injini ikapanda
hadi sauti niliyokuwa nikiidai miaka ishirini na sita.
Nikacheka. Nikaogopa.
Nikaachia kabla ya kona.

Tindra ana mtihani wa udereva Alhamisi.
Ameshauliza kama gari hili linakwenda.
Nimesema linakwenda.

Saa saba usiku, hita imezima.
Kishale kinapepesa juu ya baiti ileile.
Nafuta A. Nafuta sifuri.
Vibandiko vya jemu vimo bado drooni,
penseli iko sikioni.
Sita E ilikuwa nyingi mno, au chache?
"Elfu tano," naiambia gereji tupu.
Kisha nageuza bahasha,
maana jumla nayo lazima ipigwe upya.