Uzi wa Mwezi

Ilidumu siku nne tu, mwaka wa sabini na tatu.
Magazeti ya Toronto yaliipasua tumbo kama samaki,
mtayarishaji akauza gari, mwongozaji akarudi kufundisha hesabu,
na *Dobi wa Mwezini* ikasahaulika kila mahali
isipokuwa hapa, Thunder Bay,
kwenye sinema ya Bohdan Hrycak, mkabala na duka la matairi,
Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, saa sita usiku,
hata theluji ikifika magotini.

Mimi nakata tiketi. Mwaka wa thelathini na moja huu.
Niseme kweli: filamu ni mbovu.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kibaya hakijatembea popote,
kimekaa hapa hapa, watu ndio wanaokitembelea.

Kuna dobi anayeishi mwezini.
Anafua usiku wa watu wa duniani mpaka weusi utoke,
na kila doa analoliondoa, analiimbia.
Midomo yake humaliza wimbo kabla ya sauti.
Mpenzi wake, rubani, ana sharubu ndani ya roketi,
akishuka hana,
kwenye busu anazo tena.
Na mwezi wenyewe, ubao uliopakwa chokaa,
unaning'inia kwa uzi
ambao hata aliyesahau miwani nyumbani anauona.

Uzi ukitokea, watu mia mbili husimama:
"Uzi! Uzi! Ushikeni usikatike!"
Alianza mlevi mmoja, wanasema,
kibarua wa maghala ya ngano, kwa kejeli.
Ile kejeli ikakaa, ikazoea, ikavua viatu.
Mwaka wa pili ilikuwa mzaha, mwaka wa tano desturi,
sasa sijui niiite nini.

Darrell Wabasse, dereva wa lori, futi sita na ushei,
huja na aproni ya mama yake.
Wanafunzi wa uuguzi huja na vibanio vya nguo masikioni.
Kila mtu hubeba soksi moja isiyo na mwenziwe,
huirusha gizani wimbo wake ukifika,
na kurudi nyumbani na ya mtu mwingine.
Aila Koskela, miaka themanini na miwili, safu ya F, kiti cha tatu.
Cha nne hukiwekea koti.
Hata ukumbi ukijaa, hakuna anayekiomba.

Mwaka jana walituletea nakala mpya,
imesafishwa kwa kompyuta, picha moja moja.
Bohdan alivaa tai.
Mwezi ukapanda. Watu mia mbili wakasimama, vinywa wazi.

Hakuna uzi.

Mwezi unaelea wenyewe, safi kama sahani ya hoteli.
Dobi akaimba peke yake,
na kwa mara ya kwanza sote tulisikia
jinsi anavyoimba vibaya.

Aila akainuka. Magoti yake yalilalamika.
Akachomoa sufu kwenye soksi aliyokuwa akiifuma,
akapanda ngazi ya chumba cha projekta, mkono begani kwa Darrell,
na mbele ya kile kidirisha, kwenye mwanga,
akaushusha uzi.

Kivuli kilianguka kwenye pazia, kinene, chenye ukungu,
kikitetemeka kama mkono unavyotetemeka.
Kiliukosa mwezi. Kikapita kando, juu ya kofia ya rubani.
Kikarudi.
Kikaufikia.

"Uzi," alisema mtu, taratibu,
kama anayeitika jina lake.
Kisha ukumbi mzima.

Siku hizi tunashika kwa zamu, maana mkono huchoka.
Kuna daftari kaunta, karibu na bisi, watu wanajiandikisha.
Wengine huja na pamba, wengine kamba ya viatu,
kijana mmoja alileta mshipi wa kuvulia.
Filamu ni mbovu, nimeshasema.
Zamu yangu ya kuushika mwezi ni Februari.