Raba Mbili

Oktoba, Yorkton. Saruji mbele ya gereji imeanza kuuma.
Nikatandika kadibodi, nikajilaza chali,
uso kwa uso na tumbo la gari
lililoliwa na chumvi ya barabara za majira ya baridi.

Spana namba kumi na saba. Bolti ikagoma,
kisha ikalegea ghafla, kama mtu aliyechoka kubishana,
oili ikashuka, nyeusi, ya moto, hadi kiwikoni.

Fundi wa mjini alitaka dola mia na kumi.
Nilimwambia: mikono ninayo.

Filta mpya nikaipaka oili mdomoni kwa kidole,
nikaikaza kwa kiganja, bila hasira.
Lita tano. Nikawasha.

"Zima, Daryna! Zima!"
Ni Lubomyr, jirani, kikombe chake juu ya ua.

Raba ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania injini,
nami nimeivika mpya juu yake.
Lita tano zote chini,
kijito kikielekea kwake polepole, kama mgeni asiyealikwa.

Hakucheka. Alileta mchanga wa paka, mfuko mzima,
akaumwaga, akausugua kwa soli ya kiatu.
"Mimi nimefanya hivi mara mbili," alisema.
"Ya pili mke wangu hajui."

Theluji ikaja Ijumaa, ikafunika.
Aprili ilipoyeyuka, doa ndilo lililotangulia kutoka,
kabla ya nyasi.

Siku hizi, kabla ya kufunga filta,
napitisha kidole, duara zima, gizani,
nahesabu kwa sauti:
moja.