Vidole Vinne

Jumatano, mvua imetuachia matope Shabab,
likaingia Datsun la mbio, milango miwili,
rangi ya papai lililoiva,
pua ndefu, sauti ya mtu aliyevuta tumbaku ujanani akaacha.
Mwalimu Nyakio akavuta breki ya mkono:
kra kra kra kra kra, kisha mlio ukapotea
na wenzo ukasimama wima
kama mwanafunzi aliyenyosha mkono na jibu hana.

Gari likaanza kurudi nyuma.
Polepole, kama linaloomba radhi, lakini likirudi.
Akashuka (watu wa umri wake hawashuki hivyo),
akatoa jiwe kwenye kiti cha abiria,
akalisukumiza nyuma ya gurudumu kwa kisigino
bila kutazama.

Jiwe jeusi la Menengai, lenye vitundu,
upande mmoja umelika kwa kusuguana na mpira.
"Mwaka wa ngapi huu, Mwalimu?"
"Wa tisa. Marehemu alisema atatengeneza Jumamosi."
Hakusema Jumamosi ipi.

Nikaivua ngozi iliyofunika wenzo.
Meno ya juu yamekwisha, laini kama ufizi;
kidole cha chuma hakishiki hapo, kinapapasa tu.
Ya chini matano bado makali, kazi haijayafikia.
Nikamwita Kibelion na tupa ndogo:
noa kidole, meno yaache,
chuma hakioti meno mara mbili.

Chini ya gari, kebo: nyuzi tatu zimekatika,
zimechanua kama ufagio,
na nati ya kukazia imefika ukingoni.
Hapo nikamjua fundi aliyenitangulia.
Kila breki ilipolegea alikaza kebo,
akapokea mia tano, akaaga.
Ugonjwa uko kisiginoni, yeye anafunga bendeji kiunoni.

Nyundo mara nne, ngoma ikatoka.
Vumbi la breki halipulizwi. Nililimwagia maji;
kikohozi cha Mudenyo, aliyenifunza kazi, kilinifunza na hilo.
Viatu vimekonda,
unene wa biskuti iliyochovywa chaini.

Kebo ya gari hili haipo Nakuru.
Nimezunguka maduka ya spea mpaka miguu ikadai mshahara.
Nikachukua ya pikapu, nikaikata,
nikailehemu kichwa kipya.
Kwanza gurudumu, ndipo kebo:
viatu viiguse ngoma, vilie kidogo,
kama mtu anayebisha hodi nyumba anayoijua,
ndipo urudi kwenye wenzo uhesabu milio.
Mitano. Wa sita ni ufizi.

Alhamisi jioni tukapanda mwinuko wa Menengai,
ziwa likibaki nyuma kama sahani isiyooshwa.
Akazima injini, akaiachia gia.
Kra, mara tano.
Tukashuka sote watatu, tukasimama kando
mikono tumeikunja.
Lori la kokoto likapita, barabara ikatetemeka.
Datsun likakaa.
Kibelion alikuwa ameshaanza kucheka
liliposhuka, upana wa kiganja.

Hakuna aliyesema kitu.
"Kebo mpya hurefuka ikibeba mzigo wa kwanza,"
nilisema nikiwa tayari mgongoni, spana namba kumi mkononi.
"Hata watoto wa darasa la kwanza," akajibu Mwalimu.
Nati, mizunguko miwili.
Akavuta tena.
Tukangoja mpaka taa za mji zikawaka chini yetu
mtaa kwa mtaa, na umeme ukapotea upande wa Kaptembwo,
ukarudi.
Halikwenda.

Alibishana nami kuhusu mia mbili, akashinda.
Kisha akazunguka mlango wa abiria,
akalitoa jiwe,
akaliweka nyuma ya gurudumu,
safari hii kwa mikono miwili.
Nikainama nikijifanya nafunga kamba ya kiatu.
Kati ya jiwe na mpira, vidole vinne.
Hewa tupu.