Mlinzi wa Mpakani

Usiku wa manane, zamu yangu, Mikocheni.
Chai ya maziwa imeshika utando
na simu moja inapiga hodi tena kwenye mtambo:
nimehama.
Dakika mbili: nimerudi.
Kisha: nimehama.
Mara mia nne na kumi na mbili tangu magharibi.

Nilidhani ni bajaji inayozungukazunguka na abiria mlevi.
Kumbe ni Lukindo, mlinzi wa ghala la mbao, Mabibo,
yule aliyekuja dukani kulalamika
betri yake haifiki alfajiri.
Hanyanyuki kitini huyo.
Kiti chake ndicho kimekaa juu ya mstari wangu,
mstari niliouchora mwaka juzi nikiwa na njaa:
huku eneo la kumi na saba, kule la kumi na nane.
Lori likiegesha, mnara wa Kigogo unafifia.
Lori likiondoka, anahama tena, amekaa palepale.

Mama alilijua hili kabla ya minara.
Keko Machungwa, sheria yake ilikuwa moja:
ndani ya mtaa zurureni, sitaki taarifa;
anayevuka reli aje kwanza aniage.
Akitutaka alitoka kibarazani akaita mara moja,
mtaa mzima ukasikia,
mwenye jina akaitika.

Mtaa ukiwa mpana mno, koo linapasuka.
Ukiwa mwembamba, watoto wanashinda wakiaga, hawachezi.
Shahada yangu nzima ni hiyo,
ila mimi watoto wangu ni milioni mbili
na mkuu wa idara anataka bei ishuke kabla ya Juni.

Tuliwahi kufuta mipaka, jiji zima mtaa mmoja.
Aliyetafutwa Mbweni akaitwa na Mbagala,
akaitwa Gongo la Mboto, akaitwa Kimara Mwisho.
Kufika adhuhuri minara ilikuwa imesauka sauti.

Basi leo nauvuta mstari, taratibu,
nautoa kwenye kiti cha Lukindo,
naukwepesha barabara ya Morogoro na umati wake wa saa kumi na mbili,
naulaza bondeni Msimbazi, kwenye matete,
ambako hakuna anayelala. Natumaini hakuna.

Saa nane: kimya.
Saa tisa: simu yake inasema tu, bado nipo.
Nimekuwa nikiingoja hodi ile. Ajabu.

Na mimi?
Nimehama mara tatu tangu Keko.
Reli niliivuka mchana kweupe, sikuaga.
Naandika ujumbe, nafuta, naandika:
Mama, ni Tumpe. Siku hizi nakaa Tegeta.

Hajibu.
Kunapambazuka, simu inalia mara moja, inakata.
Amebipu.
Vilevile kama kibarazani: mwito mmoja tu,
gharama iliyobaki ni yangu.